Kilichoua Ukoka Kilikuwa Sentimita Nane Chini

Nyumba iko Kigamboni, si mbali na bahari, na uwanja wake wa mbele una mita za mraba 200 hivi. Mwenyewe alifanya kile wanachofanya wengi Dar es Salaam mafundi wakishaondoka: aliagiza udongo mwekundu kwa lori, akautandaza juu ya mchanga, akapanda ukoka na kumwagilia asubuhi na jioni. Wakati wa masika ukoka ulishika, ukapendeza. Kufika Agosti ulikuwa umeingia mabaka ya manjano, na baadhi ya sehemu maji ya bomba yalituama juu kwa muda mrefu bila kuzama. Ushauri wa majirani ulikuwa mmoja: ongeza mbolea. Akaongeza yurea. Manjano hayakuondoka.

Mwaka uliofuata kazi ilirudiwa na fundi bustani mwingine, safari hii kwa kuanzia chini, na ndiyo ninayoichambua hapa. Ukoka uliota, lakini hilo halishangazi. Ukoka ni mmea wa kwetu na hauhitaji kubembelezwa sana. Cha kuangalia ni namna fundi alivyoipanga kazi. Sehemu kubwa ya fedha na jasho iliishia ardhini kabla pingili moja haijapandwa, na mambo aliyokataa kuyafanya yana mafunzo kuliko aliyoyafanya.

Alianza kwa kuchimba mashimo matatu ya kina cha nusu mita: moja penye manjano, moja penye kijani, moja karibu na ukuta wa nyumba. Shimo la kwanza lilitoa jibu papo hapo. Juu kulikuwa na sentimita nane za udongo mwekundu ulioshikana. Chini yake, ghafla, ulianza mchanga mweupe wa pwani. Mizizi ilishuka vizuri kwenye udongo mwekundu, ikafika mpakani, ikakata kona na kutambaa pembeni. Iliyovuka ilikuwa michache mno. Fundi alichota udongo wa juu ya mpaka kwa mkono mmoja na mchanga wa chini yake kwa mkono mwingine. Wa juu ulikuwa chepechepe, unanuka uvundo. Wa chini ulikuwa mkavu, ukimwagika kati ya vidole. Kati ya sehemu hizo mbili hapakuwa na nafasi inayozidi upana wa kidole gumba.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mtu hudhani kwamba mchanga ukiwa chini, maji yatashuka upesi, kwa kuwa mchanga hupitisha maji. Ni kweli pale maji yanapoingia mchangani moja kwa moja. Lakini maji yaliyokwisha kuingia kwenye udongo mzito hushikwa na vitundu vidogo mno vilivyo kati ya chembe zake, na vitundu hivyo huyashika kwa nguvu kuliko vitundu vipana vya mchanga. Hayaachii kirahisi. Husubiri mpaka udongo wa juu ujae karibu kabisa, ndipo yaanze kudondokea chini. Mwanafizikia wa udongo Walter Gardner, wa chuo kikuu cha Washington State nchini Marekani, alilionyesha jambo hili mwaka 1959 kwa filamu iliyopigwa kwenye visanduku vya vioo: maji yanashuka ndani ya udongo laini, yanafika kwenye tabaka la chembe kubwa, yanasimama na kusambaa pembeni. Filamu hiyo imefundishia wanafunzi wa kilimo kwa miongo mingi, na bado kila mwaka lori za udongo mwekundu zinamwagwa juu ya mchanga wa Mbezi, Kigamboni na Mbweni.

Wajenzi wa viwanja vya gofu wanaitumia tabia hiyohiyo kwa makusudi. Maelekezo ya chama cha gofu cha Marekani, USGA, yaliyotolewa mwaka 1960, yanataka sentimita 30 za tabaka la mchanga juu ya sentimita 10 za changarawe. Mpaka wa mchanga na changarawe huzuia maji kidogo, na kwa kuwa mchanga una kina cha kutosha, maji yaliyozuiwa hubaki chini kama akiba huku mizizi ya juu ikipata hewa. Kigamboni hesabu ilikuwa kinyume: tabaka la juu lilikuwa la mfinyanzi, na lilikuwa jembamba. Katika udongo mzito sehemu iliyoshiba maji juu ya mpaka wa namna hiyo huweza kufika juu kuliko sentimita nane. Kwa maana nyingine ukoka ulikuwa umepandwa wote ndani ya maji, na mizizi ilikosa hewa kila mwenye nyumba alipofungua bomba. Jua lilipokuwa kali na bomba limekauka, sentimita zile nane ziliisha maji ndani ya siku chache, na akiba ya chini haikuwepo. Ukoka uleule ulizama na kufa kiu kwa zamu.

Shimo la karibu na ukuta lilikuwa na kisa kingine. Sururu iligonga kitu kigumu kabla ya kufika sentimita 15: bamba la zege lililoganda pale mafundi walipokuwa wakichanganyia. Pembeni yake kulikuwa na makapi ya plasta, vipande vya tofali, karatasi za mifuko ya saruji na mbao za kufungia zege. Kila aliyejenga mjini anaijua hazina hiyo. Hufukiwa siku ya mwisho ya kazi ili eneo lionekane safi.

Saruji mbichi ikikutana na maji hufikisha pH zaidi ya 12. Kadiri miaka inavyokwenda hewa ya ukaa huigeuza kuwa chokaa tulivu na pH hushuka kuelekea 8, lakini ukoka hustawi zaidi kati ya 6 na 7. Juu ya hapo chuma kilichomo kwenye udongo hakiyeyuki, na mmea unakikosa hata kama kimejaa tele. Udongo mwekundu, kumbuka, ni mwekundu kwa sababu ya chuma. Dalili zilikuwepo tangu mwanzo kwa anayejua kuzisoma. Majani yaliyogeuka manjano karibu na ukuta yalikuwa yale machanga ya nchani, tena manjano yalikuwa kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani. Nitrojeni ikipungua, majani ya zamani ya chini ndiyo hutangulia kupauka, maana mmea huinyang'anya kutoka huko na kuipeleka kwenye majani mapya. Chuma hakihamishiki hivyo. Mwenye nyumba alikuwa anatibu ugonjwa mwingine kabisa, na sehemu ya yurea aliyoirusha juu ya udongo wenye chokaa iligeuka gesi ya amonia na kupotelea hewani.

Kuthibitisha, fundi alitumia siki ya jikoni. Alidondosha matone kwenye udongo mwekundu wa katikati ya uwanja: kimya. Kwenye mchanga wa chini: vipovu vichache, kwa kuwa mchanga wa pwani una vipande vya makombe na matumbawe, ambavyo navyo ni chokaa. Kwenye udongo wa karibu na ukuta siki ilitoa povu. Kipimo hiki hakikupi namba. Anayetaka namba achukue vichota vya udongo wa sentimita 15 za juu kutoka sehemu kumi au zaidi, avichanganye kwenye ndoo ya plastiki (ndoo ya bati huongeza zinki na kuvuruga majibu), aanike kivulini na apeleke nusu kilo hivi maabara. Tanzania kuna Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro na kituo cha utafiti cha TARI Mlingano kule Tanga. Kenya kuna KALRO Kabete. Sampuli ya karibu na ukuta ipelekwe peke yake, isichanganywe na nyingine.

Kuna aliyependekeza salfa, kwa kuwa vitabu husema salfa hushusha pH. Fundi alikataa, nami nakubaliana naye, na sababu ni hesabu ya darasani. Kilo moja ya salfa, ikishageuzwa tindikali na bakteria wa udongo, humaliza kilo tatu hivi za chokaa. Mita moja ya mraba ya udongo wenye kina cha sentimita 15 ina uzito wa kilo 210 hivi. Chokaa ikiwa asilimia moja tu ya uzito huo, ni kilo mbili na ushee, ambazo zinataka zaidi ya gramu 600 za salfa. Zidisha kwa mita 200 upate kilo zaidi ya 130, na hapo ni asilimia moja tu, wakati mchanga wenye makombe waweza kuwa na nyingi zaidi. Jibu la makapi ya saruji ni koleo na toroli.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ilikuwa ya kutoa. Ukanda wa mita mbili kandokando ya nyumba ulichimbwa mpaka ukafikiwa mchanga safi, udongo wote ukapitishwa kwenye chekecheke ya mafundi wa ujenzi, na kilichobaki juu ya wavu kikapakiwa kikaondoka. Mbao zilitolewa zote hadi vijiti, maana mbao iliyofukiwa huita mchwa, na mchwa wakimaliza mbao wako hatua chache kutoka kwenye fremu za milango.

Udongo mwekundu ulikuwa umekuja na mgeni: ndago. Wanaolima wanamjua. Ana majani mazuri yanayong'aa, na chini ana viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kwa nyuzi, vingi vikiwa ndani ya sentimita 15 za juu. Ukimlima kwa jembe unakata nyuzi, na kila kiazi kilichoachwa peke yake huota mche wake. Baada ya kusafisha, fundi alimwagilia uwanja mtupu na kuuacha. Baada ya wiki mbili uwanja ulikuwa kijani kwa ndago na magugu mengine. Hapo ndipo alipopiga dawa ya glaifoseti, juu ya majani mabichi yaliyokomaa kiasi cha kuipeleka dawa mpaka kwenye viazi, akasubiri, akamwagilia tena, akapiga waliochelewa. Mwenye nyumba alilalamika kwamba siku zinapita bila kazi kuonekana. Kwa maoni yangu hakuna hatua iliyolipa kuliko hiyo. Ndago akishaingia ndani ya ukoka, kumtoa bila kuumiza ukoka ni shughuli ya miaka. Asiyetaka dawa anaweza kung'oa kwa uma wa shamba, kiazi kwa kiazi, lakini naye lazima ampe ndago nafasi ya kujitokeza kwanza.

Ndipo ikaja kazi ya kuchanganya. Udongo mwekundu haukutupwa. Fundi aliutifua pamoja na sentimita 12 za mchanga wa chini, kupata tabaka moja la sentimita 20. Tukichukulia kwamba udongo ule ulikuwa na mfinyanzi asilimia 40, mchanganyiko wake na mchanga unabaki na asilimia 16 hivi, na huo ni udongo wa kichanga unaoshika maji kiasi na kuachia yanayozidi. Malighafi ileile iliyoua ukoka ilipolala juu kama zulia ikawa faida ilipochanganywa. Mpaka chini, kwenye sentimita 20, haukukatwa kwa mstari mkali. Alilima kwa kina tofautitofauti, mara ya kwanza kwa urefu wa uwanja na mara ya pili kwa upana, ili udongo na mchanga viingiliane taratibu. Kwa mita 200, jembe na sururu vilitosha. Pawatila ingekuwa ya haraka, lakini ikipitishwa mara nyingi husaga udongo kuwa vumbi, na mvua ya kwanza hulifanya vumbi kuwa ganda.

Juu ya hapo iliingia samadi ya ng'ombe, tabaka la sentimita tano. Sentimita tano zinasikika kama kidogo. Kwa mita za mraba 200 ni mita za ujazo 10, na mwenye nyumba alitikisa kichwa alipoona lundo. Lakini mchanga wa pwani hauna kitu kingine cha kushikia maji na chumvichumvi za mbolea isipokuwa mboji, na katika joto letu mboji huoza upesi, kwa hiyo ni bora kuanza na ya kutosha. Kigezo cha fundi hakikuwa umri wa samadi. Alipenyeza mkono katikati ya lundo. Kukiwa na joto au harufu inayochoma pua, inarudi ilikotoka. Iliyoiva ni nyeusi, imepoa, inanukia udongo wa msituni na huwezi tena kutambua majani ndani yake. Samadi ya kuku ni kali zaidi na huwekwa kidogo, sehemu ndogo tu ya ile ya ng'ombe.

Jirani mmoja alijitolea kuleta maranda ya mbao bure kutoka karakana yake. Yalikataliwa kwa adabu. Maranda mabichi yana kaboni nyingi mno kulinganisha na nitrojeni, mamia kwa moja, na vijidudu vinavyoyaozesha hunyonya nitrojeni ya udongo ili kupata uwiano wao. Ukoka mchanga ungeanza maisha kwa njaa. Vumbi la makumbi ya nazi lingefaa zaidi, kwani hushika maji vizuri, ila kwa pwani kuna tahadhari: makumbi yaliyofukiwa baharini kwa ajili ya kusuka kamba, kama wanavyofanya akina mama wa mashariki ya Unguja, hutoka na chumvi na yanataka kuoshwa kwa maji baridi mara kadhaa.

Mbolea ya dukani ilikuwa jambo dogo kabisa. Fosforasi haitembei kwenye udongo, kwa hiyo wakati wa kuifikisha kwenye mizizi ni sasa, kabla ya kupanda. Gramu 10 za DAP kwa mita ya mraba zinatosha, yaani kilo mbili kwa uwanja mzima. Nimeona watu wakimwaga nusu mfuko kwenye eneo la ukubwa huo. Minjingu, mbolea yetu ya mawe ya fosfati kutoka Manyara, ni nzuri kwenye udongo wenye uchachu wa nyanda za juu, ambako tindikali huiyeyusha. Juu ya mchanga wenye makombe ingekaa tu.

Msomaji wa Mlolongo, Athi River, au mwenye kiwanja kwenye mbuga nyeusi ya kule bara, ana tatizo la upande wa pili, na asichukue dawa ya Kigamboni. Huko kishawishi ni kuleta mchanga kulainisha mfinyanzi. Piga hesabu kwanza. Udongo wenye mfinyanzi asilimia 60 ukitaka ushuke hadi 20, kila sehemu moja inataka sehemu mbili za mchanga mtupu. Kwa kina cha sentimita 15 ni sentimita 30 za mchanga, na kwa mita 200 ni mita za ujazo 60. Ukiweka lori moja au mawili chembe za mchanga zinazama ndani ya mfinyanzi na udongo unakauka mgumu kuliko ulivyokuwa. Mbuga inataka mboji kwa wingi, mwinuko wa kuondoa maji, na subira ya kulima ikiwa na unyevu wa wastani tu: finyanga donge, lisukume kwa kidole, likipasuka, lima, likibonyea, rudi nyumbani. Jasi, ile inayochimbwa Makanya wilayani Same, husifiwa kwamba hulegeza mfinyanzi. Hufanya hivyo pale udongo unapokuwa na sodiamu nyingi, na hilo maabara ndiyo itakwambia. Bila sodiamu umenunua vumbi jeupe.

Kigamboni zilibaki kazi za kusawazisha. Kwa uzi na pimamaji uwanja uliinamishwa sentimita moja na nusu kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda barabarani, na udongo ukaachwa chini ya usawa wa pevingi kwa sentimita mbili au tatu ili ukoka ukikua usimwage udongo njiani. Ulimwagiliwa kwa wingi, ukaachwa utulie, mabonde yaliyojitokeza yakajazwa, ukamwagiliwa tena. Kipimo cha mwisho kilikuwa kisigino: mtu mzima akitembea, alama izame kiasi cha sentimita moja. Ikizama zaidi, bado haujatulia. Isipozama kabisa, umeshindiliwa kupita kiasi.

Kupanda kwenyewe kulimalizika ndani ya siku moja, pingili kwa umbali wa kiganja, mwanzoni mwa mvua. Upande wenye kivuli cha mwembe waliweka nyasi ya Pemba yenye majani mapana. Kama maji ya kumwagilia yangetoka kwenye kisima chenye maji ya chumvi, kama vilivyo vingi ukanda ule, ningeshauri paspalamu, na mboji isingebadilisha ushauri huo.

Kwa wewe ambaye bado uko kwenye msingi, kuna kazi mbili zisizogharimu kitu. Mwambie fundi akwangue udongo wa juu wa kiwanja na kuulundika pembeni kabla ya kuchimba, na umchoree sehemu moja ya kuchanganyia zege kwa muda wote wa ujenzi, mahali utakapokuja kujenga banda la gari. Na siku ya mwisho ya kazi usilipe salio mpaka umeona lori la makapi likitoka getini.